Kiseyeye na Machungwa ya Mombasa

Ibn Battuta, msafiri wa Kimaghribi aliyezuru pwani yetu mwaka 1331, alilala Mombasa usiku mmoja tu, na katika machache aliyoyaandika juu ya kisiwa hicho hakuacha kutaja miti yake: migomba, milimau na mibalungi, iliyostawi katika nchi ambayo nafaka yake ilikuwa ikiletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa naye akaieleza Mombasa, akaisifu kwa machungwa yake matamu na madanzi yake, kwa malimau na makomamanga, na kwa wingi wa maji mema. Wote wawili waliandika habari za bustani, wala utabibu haukuwamo katika nia yao. Walakini, baina ya ziara ya wa kwanza na maandiko ya wa pili, matunda ya bustani hizo yaliokoa roho za watu waliokuwa wakioza wangali hai, na jambo hilo likatukia mchana kweupe, mbele ya macho ya manahodha na makatibu wao, pasipo kufahamika ni kitu gani hasa kilichotendeka. Ilipita miaka zaidi ya 400 kabla ya ulimwengu kuupata ufahamu huo, na katika muda huo maelfu kwa maelfu ya mabaharia walitupwa baharini kwa maradhi ambayo dawa yake ilikuwa ikining'inia juu ya miti ya Mombasa na Malindi.

Maradhi yenyewe ni kiseyeye. Huanza kwa ulegevu usio na sababu iliyo dhahiri: mtu aliyekuwa hodari wa kukwea mlingoti huona uzito kuinua mkono, rangi humpauka, na moyo wake huingiwa na huzuni asiyoweza kuieleza. Kisha miguu huvimba, na juu ya ngozi, penye mashina ya vinyweleo, hutokea vidoa vya damu ambavyo huenea hata vikawa mabaka meusi. Fizi hufura na kuota juu ya meno, huvuja damu na kunuka, na meno yenyewe hulegea hata mtu akaweza kuyang'oa kwa vidole vyake. Hatima yake hutisha kuliko mwanzo wake, kwa kuwa mgonjwa aliyekuwa akizungumza vema pale alipolala aliweza kuinuliwa ili akapate hewa juu ya sitaha, akakata roho mikononi mwa wenziwe kabla hajafikishwa.

Merikebu za Mreno Vasco da Gama zilitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497, na baada ya kuviacha visiwa vya Cape Verde zilikaa miezi mitatu katika bahari kuu bila kuona nchi. Januari 1498, zilipotia nanga katika mto wa Quelimane, Msumbiji, kiseyeye kilikuwa kimekwisha kuwashika watu wengi, na daftari ya safari hiyo yaeleza kwamba mikono na miguu iliwavimba, na fizi zikawaota juu ya meno hata wasiweze kula. Tarehe 7 Aprili walifika mbele ya Mombasa. Hapakuwa na mapenzi baina ya wenyeji na wageni hao, kwa maana kila upande ulikuwa na shaka na wa pili, na Wareno hawakuona haya kuwatesa watu kwa mafuta ya moto ili wawaungamishe siri. Lakini kabla ya mambo kufikia hapo Sultani alikuwa amewapelekea kondoo, na pamoja nao machungwa mengi, malimau na miwa. Mwandishi wa daftari akasema kwamba Mwenyezi Mungu aliwarehemu, wagonjwa wao wote wakapata afya walipofika katika mji huo, kwa sababu hewa yake ni njema. Naona maneno hayo machache yana thamani kubwa katika historia ya utabibu, maana yule mtu alikuwa shahidi mwaminifu: aliuona ugonjwa, akaliona tunda, akauona uponyaji, akaviandika vyote vitatu, kisha sifa akaipa hewa.

Kutoka Malindi, kwa msaada wa rubani waliyepewa na Sultani wa mji huo, waliivuka bahari ya Hindi kwa siku 23, wakatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Safari ya kurudi ilikuwa mambo mengine kabisa. Da Gama aligombana na watawala wa Calicut, akaondoka kwa hasira, na tarehe 5 Oktoba 1498 akaiacha pwani ya Bara Hindi wakati ambapo mwenyeji yeyote wa bahari hiyo angalimwambia angoje, kwa kuwa kusi ilikuwa imekwisha, kaskazi haijasimama, na kati ya pepo hizo mbili mna maleleji tu, ambayo humpeleka msafiri mbele leo na kumrudisha nyuma kesho. Siku 23 za kwendea ziligeuka miezi mitatu kasoro siku tatu za kurudia. Kiseyeye kikaingia merikebuni tena, na safari hii hakikuwa na huruma: watu 30 walikufa juu ya wengine 30 waliokwisha kufa kabla yao, na katika kila chombo wakabaki saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi, nao wenyewe hawakuwa na siha iliyokamilika. Tarehe 2 Januari 1499 waliiona pwani ya Mogadishu, na tarehe 7 wakafika Malindi. Jambo la kwanza walilolitaka kwa Sultani lilikuwa machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani mno. Walipewa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kupita mpaka ambao tunda haliwezi kumrudisha mtu, wakazikwa hapo hapo. Siku chache baadaye, katika mafungu yaliyo mbele ya Mtangata, upande wa Tanga, waliichoma moto merikebu yao São Rafael, kwa kuwa watu waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vitatu.

Mwaka 1500 ukaja Malindi msafara wa Mreno mwingine, Pedro Álvares Cabral, na masimulizi yake yasema kuwa mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, kuku, malimau na machungwa yaliyosifiwa kuwa bora ya yote duniani, na kwamba waliokuwa na kiseyeye walipona kwa machungwa hayo. Hapo pana maendeleo ya kutazamwa, kwa kuwa hewa imeachwa na tunda limetajwa. Ingekuwa haki kutaja pia kwamba mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliushambulia mji wa Mombasa, akauteketeza na kuteka mali yake, na kwamba mji huo ulikuwa ule ule ambao bustani zake ziliwalisha wagonjwa wa 1498.

Mtu aweza kuuliza mbona mabaharia wa bahari yetu, waliokuwa wakisafiri kwa majahazi kwa karne nyingi kabla ya Mreno, hawakuacha nyuma yao habari za maangamizi ya namna hiyo. Chakula chao chomboni hakikuwa bora sana: tende, mchele, papa mkavu na ng'onda, vitu ambavyo havina, au vina kidogo mno, kile ambacho mwili hukosa katika kiseyeye. Jibu langu ni kwamba walilindwa na majira. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi, kikarudi kwa kusi, kilikuwa na wiki tatu au nne za bahari, na njiani mlikuwa na bandari za kutekea maji na kununulia ndimu, na nahodha mwenye akili hakuthubutu kung'oa nanga katika tanga mbili, yaani wakati wa maleleji. Kwao hilo lilikuwa jambo la usalama wa chombo na shehena, lakini lilikuwa pia siha ya watu, kwa sababu ambayo itadhihirika nitakapoeleza jinsi mwili ulivyoumbwa.

Mwili wa mwanadamu haujengwi mara moja ukaisha. Hubomoka na kujengwa siku zote tangu kuzaliwa hata kufa. Ngozi, mifupa, gegedu, kano, fizi na kuta za mishipa ya damu vimeshikwa na protini iitwayo kolajeni, ambayo umbo lake ni mfano wa kamba ya jahazi: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, na nguvu yake imo katika msokoto huo. Ili nyuzi zishikane barabara, viko vimeng'enya vinavyozitia vishikizo vidogo vidogo, na kila kimeng'enya kina ndani yake chembe ya chuma, ambayo ikiharibika katika kazi haina budi irejeshwe katika hali yake ya asili. Kinachoirejesha ni vitamini C. Vitamini hiyo ikiisha, kazi haisimami kwa ghafla, bali mwili huendelea kusokota kolajeni isiyoshika, na kadiri ile ya zamani inavyochakaa na kuondolewa, ndivyo mahali pake panavyojazwa na ile dhaifu. Ndipo mishipa myembamba ya damu huanza kuvuja, kwanza mahali penye mkazo mwingi: katika fizi, kwa ajili ya kutafuna, katika miguu, kwa ajili ya uzito wa mwili, na kwenye mashina ya vinyweleo. Meno hulegea kwa kuwa kano ziyashikazo zimelegea. Hakuna kidudu kilichoingia, wala sumu iliyonywewa, adui hayupo. Kilichopo ni kazi ya ndani iliyokosa kitu kimoja, na kwa kukikosa hicho nyumba nzima huanguka.

Wanyama walio wengi hawana hofu ya jambo hili, kwa kuwa hujitengenezea vitamini hiyo ndani ya miili yao. Mbuzi aliyefungwa sitahani akingoja kuchinjwa, na panya waliokuwa wakikimbia ngamani, walikaa bahari ile ile na watu, wala hawakuugua. Hata komba, huyu aliaye usiku katika minazi yetu, ana uwezo huo. Mwanadamu, pamoja na sokwe, nyani na kima, aliupoteza zamani mno, kwa kuharibika jeni moja ambayo wahenga wake walikuwa nayo, na tangu hapo amekuwa mtegemezi wa majani na matunda. Mwilini mwake huweka akiba ndogo, kiasi cha gramu moja na nusu, nayo hupungua kidogo kidogo kila siku hata dalili zikaonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Msomaji na azilinganishe hesabu hizo na siku 23 za Da Gama alipokwenda na siku 89 aliporudi, naye ataona mara moja kwa nini safari ya kwanza haikuua na ya pili iliua. Musimu uliwafikisha mabaharia wa pwani kabla ya akiba yao kwisha.

Wazungu, ambao safari zao zilikuwa za miezi mingi, hawakuwa na kinga hiyo, na iliwapasa kuitafuta dawa. Ajabu yenye kuumiza ni kwamba waliipata mara nyingi na kuipoteza mara nyingi. James Lancaster, nahodha Mwingereza ambaye chombo chake kilipata kutia nanga Unguja mwaka 1591, aliongoza mwaka 1601 merikebu nne kwenda Mashariki, na katika ile yake mwenyewe akawapa watu maji ya limau, vijiko vitatu kila asubuhi. Walipofika kusini mwa Afrika watu wake walikuwa na nguvu, na wale wa merikebu nyingine tatu walikuwa dhaifu hata ikabidi wasaidiwe kazi za chombo. Jambo lililo wazi kiasi hicho lilipaswa kuwa sheria ya bahari tangu siku ile. Halikuwa. Mwaka 1740 George Anson alitoka Uingereza na watu karibu 1,900 kwenda kupigana na Wahispania, na katika miaka minne walikufa zaidi ya 1,300, vita vikiwa vimewaua wachache tu, na kiseyeye kikiwa ndicho muuaji mkuu. Katika msafara huo alikuwamo mzee mmoja aliyejeruhiwa miaka 50 nyuma, katika vita vya mto Boyne huko Ireland, akapona na kuishi maisha yake yote akiwa mzima. Kiseyeye kilipomshika, makovu yake yakafunguka yakawa majeraha mabichi, na mfupa wake uliopata kuvunjika na kuungana ukaachana tena. Waliomtazama waliona muujiza wa kutisha. Sisi tunaona ushahidi kwamba hata kovu la nusu karne halikai kwa nguvu zake lenyewe, na kwamba mwili huliunga upya daima kwa kazi ya kimya ambayo haihisiwi mpaka ikome.

Tarehe 20 Mei 1747, siku na mwezi ule ule ambao Da Gama alitia nanga Calicut, James Lind, tabibu wa merikebu ya vita iitwayo Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawalaza mahali pamoja na kuwalisha chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili na kuwapa dawa mbalimbali: pombe ya matofaa, matone ya tindikali, siki, maji ya bahari, mchanganyiko wa kitunguu saumu, haradali na manemane, na wawili wa mwisho machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita. Mmoja wa wale wawili alikuwa amekwisha kurudi kazini, na wa pili akawekwa kuwauguza wenzake. Hilo ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo yaliyopangwa kwa usawa katika historia ya tiba, na Lind astahili heshima yote apewayo. Hata hivyo, alipoandika kitabu chake mwaka 1753 alidai kuwa asili ya kiseyeye ni unyevu wa hewa ya bahari unaoziba jasho la mwili, na akashauri maji ya matunda yachemshwe hata yawe mazito ili yaweze kuhifadhiwa safarini. Moto huiharibu vitamini C. Kwa kuwa hakujua ni kazi gani ya mwili iliyoharibika, hakuweza kujua ni kitu gani katika limau kilichopaswa kulindwa.

Ilikuwa mwaka 1795, kwa juhudi za tabibu Gilbert Blane, ndipo jeshi la bahari la Uingereza lilipoagiza maji ya limau yasiyochemshwa yatolewe melini, na kiseyeye kikatoweka karibu chote katika vyombo vyake. Mtu angedhani kwamba kisa kimeishia hapo. Lakini katika miaka ya 1860 malimau ya Mediterania yaliachwa, zikachukuliwa ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo vitamini yake ni haba, na maji yake yalipitishwa katika mabomba ya shaba ambayo huzidi kuiharibu. Hasara haikuonekana, kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Mpaka msafara wa George Nares ulipokwenda kwenye barafu ya kaskazini mwaka 1875, ukiwa na maji yake ya ndimu kamili, na kiseyeye kikawashika watu wake. Basi wataalamu wakaanza kusema kwamba tunda halikuwa dawa tangu mwanzo, na kwamba asili ya ugonjwa ni sumu ya nyama iliyoharibika katika makopo. Wakati huo huo watoto wachanga wa matajiri wa London, waliokuwa wakinyweshwa maziwa ya makopo na unga wa madukani, walikuwa wakilia kwa maumivu ya mifupa, na tabibu Thomas Barlow akaonyesha mwaka 1883 kwamba kilichowapata ni kiseyeye. Watoto wa maskini, walionyonya matiti ya mama zao, waliepukana nacho.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1907 na wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliowalisha simbilisi nafaka peke yake na kuwaona wakishikwa na kiseyeye. Bahati iliwaongoza, kwa kuwa simbilisi ni miongoni mwa wanyama wachache wasioweza kujitengenezea vitamini C kama sisi, na lau wangalichagua panya wangalitafuta bila kuona kitu. Mhungari Albert Szent-Györgyi alikwisha kuitenga mada yenyewe mwaka 1928 kutoka katika tezi zilizo juu ya mafigo ya ng'ombe, bila kujua kuwa ndiyo iliyotafutwa, na mwaka 1932 ikathibitika kwamba ni hiyo. Kisha akaikamua kwa wingi kutoka katika pilipili nyekundu za mji wa Szeged, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1939 daktari mpasuaji kijana wa Boston, John Crandon, akajinyima kwa hiari yake kila chakula chenye vitamini hiyo. Baada ya miezi mitatu alikatwa mgongoni, na jeraha likapona vizuri. Baada ya miezi sita alikatwa tena, na safari hii jeraha halikuungana chini ya ngozi mpaka alipopewa vitamini C. Kile ambacho mzee wa Boyne alikionyesha pasipo kutaka, Crandon alikionyesha kwa makusudi.

Tangu hapo haiwezekani tena kuipoteza dawa kwa kutojua. Kwa hiyo yaliyotokea katika miaka ya 1980 hayana udhuru wa Lind wala wa Da Gama. Katika kambi za wakimbizi za Somalia, Ethiopia na Sudan kilizuka kiseyeye, na waliougua walikuwa pamoja na wafugaji ambao zamani vitamini C waliipata katika maziwa ya ngamia, mpaka vita na ukame vilipowanyang'anya mifugo yao. Posho waliyopimiwa ilikuwa nafaka, mafuta na kunde. Ilihesabiwa kwa uzito na kwa nguvu itoayo, wala ndani yake hamkuwa na tunda wala jani bichi, na watu walikaa juu ya chakula hicho kwa miezi, kama mabaharia wa karne ya 15 walivyokaa juu ya biskuti na nyama ya chumvi. Mwili wa mtu mzima huepushwa na kiseyeye kwa miligramu 10 za vitamini C kwa siku, ambazo hupatikana katika kipande cha chungwa, na unga wa ubuyu tunaowanunulia watoto wetu mitaani una vitamini hiyo mara kadhaa kuliko chungwa. Nawasihi wote wanaopima posho za watu waliofukuzwa makwao, katika nchi zetu na kwingineko, walihesabu tunda na mboga mbichi katika orodha ile ile ya nafaka na mafuta, tangu siku ya kwanza ya kambi, kabla ya ile miezi miwili au mitatu ya akiba haijapita.